Kwenda ni Mteremko

Mwanamke huyu mtaa mzima ulimwita Rubani, ingawa ndege alikuwa hajaipanda hata siku moja. Kazi yake ilikuwa usafi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ndiye mtu wa kwanza kufungua ofisi ya kukata tiketi za ndege kila asubuhi. Akishafungua anadeki sakafu, anapangusa viti vya wateja, halafu anamwagilia maua yaliyokuwa dirishani. Mwaka wa tatu mtu mmoja alimwambia kwamba yale maua ni ya plastiki. Rubani akajibu kwamba anajua fika, yeye alikuwa anayaosha. Ndivyo alivyokuwa. Kukosea alikuwa anakosea kama sisi wote, ila kukubali ndiko kulikomshinda.

Kazi yake ya mwisho kila asubuhi ilikuwa ubao. Ulikuwa ubao mkubwa mweupe ukutani, umeandikwa kwa rangi nyeusi: jina la mji, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na umbali kwa kilomita. Rubani aliupenda ubao ule kuliko kitu chochote mle ofisini. Aliusugua kwa sabuni ya unga na ule upande mgumu wa sponji, kuanzia juu mpaka chini, na chini ndiko alikokaza mkono zaidi kwa sababu ndiko vumbi lilikotua. Huku anasugua, anapiga hesabu. Anachukua saa ya kufika, anatoa saa ya kuondoka, anapata masaa ya safari. Jioni akirudi mtaani anakuja na elimu yake kichwani, na hakuwa mchoyo wa elimu.

Watu walimfuata. Mwenye shemeji ughaibuni alikuja kuuliza, mwenye mtoto aliyepata shule ya mbali alikuja kuuliza, na hata wasiokuwa na mtu popote walikuja kuuliza tu, maana majibu yake yalikuwa matamu. Alikujibu papo hapo, kilomita na masaa, bila kutazama karatasi.

Mji aliousimulia zaidi ni ule alikokuwa akiishi binti wa dada yake, ambao kwenye ubao ulikuwa mstari wa tisa kutoka juu. Kilomita elfu kumi na mia mbili. Kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa saba mchana. Masaa matano! Rubani alikuwa akisema "matano" huku ameinua kiganja na vidole vyote vimetanuka, kana kwamba ndege ile ni ya kwake.

Kulikuwa na kasoro ndogo. Ubao uleule ulionyesha kwamba ndege hiyohiyo, ikirudi, inaondoka kule saa tisa mchana na kufika huku kesho yake saa tatu na nusu asubuhi. Hayo ni masaa kumi na nane na nusu. Mtu mwingine angekaa chini akajiuliza. Rubani hakujiuliza, alitoa maelezo.

"Kwenda ni mteremko," alimwambia fundi viatu siku moja, "kurudi ni mlima. Dunia si ni mviringo? Basi huku kwetu tuko juu, wao wako chini. Ndege ikienda inaserereka tu. Ikirudi inapanda, na imebeba mabegi ya wageni."

Fundi viatu aliacha kupiga msumari akatafakari. Alikuwa mtu wa kutafakari. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, hatua chache kutoka nyumba ya Rubani, na sanduku lake la vifaa alikuwa akililaza kwenye baraza ya nyumba hiyo. Kila asubuhi saa moja alipita kulichukua, na kila jioni saa kumi na moja kamili alilirudisha, akagonga mlango mara mbili na kutangaza, "Nimefunga kazi!" Mvua inyeshe, jua liwake, saa kumi na moja ni saa kumi na moja.

"Ndiyo maana wanaokwenda huko hawarudi," alisema fundi mwishowe. "Mlima unawatisha."

Tangu siku hiyo, habari za mteremko zikaenea mtaani kama kitu kilichothibitishwa na serikali.

Sasa tuje kwa Dada. Rubani aliishi na dada yake mkubwa, aliyempita miaka kumi na miwili, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mama yao alifariki Rubani akiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo Dada ndiye alikuwa mama, baba na polisi. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha kushona sare, akamsomesha mdogo wake, akamzaa na kumlea binti yake, akastaafu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na neno lake likishatoka halirudi. Aliwahi kusema hatakanyaga tena duka la muuza mkaa wa jirani kwa sababu ya mzani wake, na mpaka leo, mwaka wa tisa huu, anakwenda kununua mkaa mtaa wa tatu.

Kitu pekee alichokirudia kila siku bila kuchoka ni swali moja. Rubani alikuwa na presha. Mwaka uliopita ilimwangusha bafuni, na Dada ndiye aliyemkuta sakafuni, akamvuta, akapiga kelele mpaka mtaa ukajaa. Tangu siku ile, ikifika saa mbili usiku, Dada anagonga ukuta unaotenganisha vyumba vyao.

"Umemeza?"

"Nimemeza!"

Na mara nyingi, tuseme ukweli, alikuwa hajameza. Alikuwa amejilaza anasikiliza redio, na vidonge viko mezani vinamtazama.

Mwaka huu binti alijifungua. Haikuwa rahisi. Alipasuliwa, akapoteza damu nyingi, na akarudi nyumbani na mtoto mikononi akiwa hana nguvu ya kuinua birika. Mume wake alifanya kazi za zamu, leo mchana, kesho usiku. Binti alikuwa akipiga simu, anaanza vizuri, halafu anaishia kulia.

"Mama, njoo. Hata miezi miwili tu. Tiketi nitatuma mimi."

Dada aliuliza swali moja tu. Hakuuliza baridi, hakuuliza lugha. Alimgeukia mdogo wake.

"Ni masaa mangapi kufika huko?"

Rubani akainua kiganja. "Matano."

Midomo ya Dada ilicheza kama anayehesabu. "Una hakika?"

"Dada! Mimi na ule ubao ni miaka kumi na mmoja."

"Matano nitakwenda," Dada akasema. "Yakizidi matano siendi, na mtu asinifuate na maneno. Mnanijua."

Walimjua. Binti akatuma tiketi siku hiyohiyo, safari ikapangwa Jumatano ya wiki ya pili, na Rubani akalala usingizi wa mtu aliyemaliza jambo kubwa.

Alhamisi kabla ya safari, akiwa kazini, alishindwa kujizuia. Karani wa tiketi, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, alikuwa ndiyo kwanza anawasha kompyuta yake.

"Jumatano dada yangu anaruka," Rubani akamwambia. "Mstari wa tisa. Masaa matano, amefika, anabeba mjukuu."

Karani akacheka kidogo. "Ingekuwa matano tungehamia huko sote. Ni kumi na mawili, mama."

"Kumi na mawili nini?"

"Masaa. Kumi na mawili kamili hewani."

Rubani alimwonea huruma mwanamke yule, kazi yote ile na hajui. Akamshika mkono, akampeleka mpaka mbele ya ubao, akamwonyesha kwa kidole. Saa mbili. Saa saba. Toa.

Karani alivaa miwani yake. "Hii saa saba ni ya kule," alisema taratibu. "Kule wako nyuma yetu masaa saba. Kwao ikiwa saa saba mchana, sisi huku tayari ni saa mbili usiku. Angalia na ya kurudi: ukijumlisha ya kwenda na ya kurudi kama ilivyoandikwa hapa, halafu ukagawa kwa mbili, unakuja kwenye kumi na mawili kasorobo. Yaani kwenda kumi na mawili kamili, kurudi kumi na moja na nusu."

"Sasa mbona hamkuandika?"

"Tuliandika. Kulikuwa na mstari hapa chini kabisa, kwa herufi ndogo: saa zote ni za mji unaohusika." Karani aliinama, akasogeza uso karibu na ubao, akapitisha kidole mahali palipokuwa peupe pe. "Ajabu. Ulikuwa hapahapa. Sijui umekwenda wapi."

Rubani alitazama mahali pale peupe, halafu akatazama sponji iliyokuwa mkononi mwake. Akaiweka nyuma ya mgongo polepole.

Siku ile alikuwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Alirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko ili asipite kwenye kona ya fundi viatu. Kichwa kilimuuma. Akisema ukweli, Dada haendi, na akishasema haendi hata aje nani, haendi. Binti atabaki peke yake na kidonda na kichanga. Asiposema, Dada atapanda ndege, saa ya sita itaingia, ya saba, ya nane, na bahari iko chini, na atajua kwamba mdogo wake aliyemlea kwa jasho lake amemdanganya. Kila upande ulikuwa mbaya. Na kila upande ulikuwa na jina lake.

Mpaka Ijumaa jioni akawa amepata akili. Kama Dada anaogopa kukaa muda mrefu, dawa ni kumkalisha bila yeye kujua. Akishakaa masaa kumi na mawili na kuona hakufa, ndipo aambiwe.

"Dada," alisema wakati wa chai, "ofisini wanasema wasafiri wa mara ya kwanza hufanya mazoezi ya kukaa. Nyumbani, kabla ya safari. Kesho Jumamosi tufanye masaa matano yako, mwili uzoee."

Ofisini hakuna aliyewahi kusema hivyo. Lakini Dada alikuwa mtu wa kuchukua kila kitu kwa uzito wake, hata upuuzi. "Sawa," alisema.

Jumamosi saa mbili asubuhi sebule ilikuwa ndege. Rubani alisogeza meza, akapanga viti viwili vinavyotazama ukuta, akafunga mapazia yote na kuyabana kwa vibanio vya nguo. "Kwenye ndege madirisha hufungwa," alieleza. Akamnyang'anya Dada simu. "Kwenye ndege simu huzimwa." Akamfunga kiunoni kwa mkanda wa begi, akaukaza. Dada alikaa wima, mkoba mapajani, viatu vya safari miguuni, kwa sababu kama ni mazoezi basi yawe mazoezi.

Kilichobaki ni saa ya ukutani. Ilikuwa juu ya mlango, mbele ya macho yao, na mpango wa Rubani ulikuwa kuiibia masaa saba, kidogo kidogo, mpaka matano ya Dada yageuke kumi na mawili. Saa yake mwenyewe ya mkononi aliificha mfukoni mwa aproni.

Nafasi ya kwanza ilipatikana Dada alipokwenda msalani. Rubani alipanda kwenye stuli, akarudisha mshale saa nzima, akashuka, akakaa. Dada akarudi, akajifunga mkanda, akatazama saa.

"Muda hauendi," alisema.

"Tunapita kwenye upepo," Rubani akajibu.

Nafasi ya pili ilikuja Dada aliposinzia. Alipoanza kukoroma, Rubani akaiba mawili kwa mpigo. Alileta chai na mkate, akatembea nayo katikati ya sebule kana kwamba kuna abiria mia mbili. Baadaye akaleta mayai. Baadaye tena akaleta chai na mkate.

"Hii ya ngapi?" Dada aliuliza.

"Ya pili."

"Ni ya nne. Na saa inasema ni saa tano. Mtu gani anakula mara nne kabla ya saa sita?"

"Kwenye ndege wanakula sana, Dada. Ni sehemu ya tiketi."

Dada alikula, lakini alikuwa akimtazama mdogo wake kwa pembeni. Jasho lilimtoka Rubani. Alishakwea stuli ile mara tatu, goti lilimuuma, na alikuwa ameiba masaa manne na nusu tu. Alijikaza. Saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu mchana. Dada alianza kukusanya mkoba wake.

"Nusu saa tu," alisema. "Tunaanza kushuka, eti?"

Na hapo hapo mlango ukagongwa mara mbili.

"Nimefunga kazi!"

Katika hesabu zote za Rubani, fundi viatu hakuwemo.

Dada aligeuza kichwa taratibu. "Fundi," aliita, "mbona leo umefunga mapema? Unaumwa?"

"Mapema wapi, mama?" ikajibu sauti ya barazani. "Saa kumi na moja hii. Mbona mmejifungia? Kuna msiba?"

Dada alifungua mkanda wa begi. Aliinuka, akaenda dirishani, akachomoa kibanio kimoja, akasogeza pazia. Jua lilikuwa limeshalala upande wa pili wa barabara. Alilitazama jua, akaitazama saa, halafu akaitazama stuli iliyokuwa chini ya saa. Mwisho akamtazama mdogo wake, na Rubani, mwanamke wa miaka hamsini na nne, aliangalia vidole vya miguu yake.

"Sema," Dada akasema.

Rubani akasema. Alisema yote, ubao, mstari wa chini, sponji, masaa saba ya tofauti, kumi na mawili kamili hewani. Fundi viatu, aliyekuwa ameshasukuma mlango na hajaambiwa aondoke, alisimama kizingitini na sanduku lake kichwani, mdomo wazi.

"Kwa hiyo hakuna mteremko?" aliuliza.

"Hakuna," Rubani akasema, na neno hilo lilimtoka kwa shida kama jino.

"Mimi nimewaambia watu wengi," fundi akasema kwa masikitiko.

Rubani hakumjali. Alikuwa ameshaanza kulia. "Dada, nilikosea, halafu nikakudanganya. Lakini umekaa masaa tisa! Tisa, Dada, na hujafa! Bado matatu tu. Ukiweza tisa utashindwa kumi na mawili? Mwonee huruma mwanao."

Dada alimkodolea macho kama aliyesikia lugha ngeni.

"Wewe," alisema, "unadhani mimi naogopa kukaa?"

"Si ulisema yakizidi matano huendi?"

"Miaka thelathini na mmoja nimekaa kwenye cherehani. Masaa kumi kwa siku, na mkuu wa kiwanda alikuwa anahesabu hata mara za kwenda msalani. Kiti kitanifanya nini mimi?" Alisonya. "Kumi na mawili, ishirini, nitakaa. Na chakula wananiletea mpaka kitini, tena mara nne!"

"Sasa matano ya nini?"

Dada alirudi kwenye kiti chake cha ndege, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Mama alipozidiwa nilikuwa nimeanza kazi kwenye mji mwingine," alisema. "Unakumbuka. Ilipigwa simu asubuhi, nikapanda basi. Masaa matano. Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa umekaa mlangoni."

Rubani alikumbuka. Alikumbuka mama yao akiuliza, kila baada ya dakika chache, kama dada yake amefika, na yeye akikimbia mlangoni kutazama, na kurudi kusema bado.

"Nilimkuta anapumua," Dada akaendelea. "Alinishika mkono, akaniambia nikutunze, ndipo akaenda. Nilimwahi. Kwa hiyo najua, masaa matano nawahi. Nimeshayapima. Kumi na mawili sijayapima." "Wewe una presha. Dawa humezi, unadhani sijui? Unajibu 'nimemeza' na maji ya kwenye jagi hayapungui. Ukianguka tena bafuni, nani atakuvuta? Nitasikia habari niko huko, nipande ndege, nikae kwenye kiti masaa kumi na mawili sijui kama nakuja kukuuguza au kukuzika. Hicho ndicho ninachokiogopa. Siogopi ndege yenu."

Siku zote Rubani alijihesabu kuwa yeye ndiye anayemwangalia Dada, maana Dada alikuwa mzee. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa mzigo kwenye mizani, na kwa ajili yake mtoto wa watu alikuwa analia peke yake na kichanga umbali wa kilomita elfu kumi. Aliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya ubao.

"Nenda, Dada," alisema mwishowe. "Nitameza."

"Uongo."

"Nitameza mbele ya mtu."

"Mtu gani?"

Wote wawili wakamgeukia fundi viatu. Fundi alishusha sanduku kichwani, akaliweka chini kwa heshima, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi mahakamani.

"Mimi asubuhi saa moja napita," alisema. "Jioni saa kumi na moja napita. Nikigonga asipoitika, navunja mlango."

"Mlango wangu usivunjwe," Dada akasema. "Utapewa ufunguo."

"Nitapewa ufunguo," fundi akakubali.

"Na cha asubuhi anameza unamwona. Afumbue mdomo uangalie chini ya ulimi."

"Dada!"

"Chini ya ulimi," Dada akarudia.

"Nitaangalia," fundi akaahidi, ingawa alionekana kuwa angependelea kuvunja mlango.

"Kile cha saa mbili usiku?"

Hapo fundi akakwama, maana saa mbili usiku alikuwa kwake. Dada akainuka, akapanda stuli mwenyewe na miaka yake sitini na sita, akairudisha saa ya ukutani mahali pake, saa kumi na moja na dakika ishirini. "Hicho niachieni mimi," alisema, akashuka, akaenda kukunja nguo zake.

Jumatatu Rubani alifika kazini mapema kuliko kawaida. Alimwomba karani kalamu ya rangi nyeusi, akamletea kiti cha kukalia, na karani akauandika tena ule mstari chini ya ubao. Rubani alitaka herufi kubwa. Karani akasema hakuna nafasi. Wakakubaliana herufi za wastani, na tangu siku hiyo sponji ya Rubani hufika mstari wa mwisho wa miji ikageuka. Vumbi la chini analipuliza kwa mdomo.

Jumatano Dada akaondoka. Hakulia uwanjani, na alimkataza mdogo wake kulia, kwa hiyo Rubani alilia kwenye choo cha uwanja, akanawa uso, akaenda kazini. Kutwa nzima alikuwa anatazama ubao. Saa saba mchana ilipofika, kiganja chake kiliinuka chenyewe kwa mazoea, na yeye akakishusha. Bado yalibaki saba.

Jioni saa kumi na moja mlango uligongwa mara mbili, "Nimefunga kazi!", na fundi akaongeza kwa sauti ya afisa, "Upo?"

"Nipo!"

Rubani akakaa sebuleni kwenye kile kiti kinachotazama saa. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Saa mbili ilifika. Mazoea ni kitu kibaya, maana alijikuta anasubiri ukuta ugongwe, na ukuta haukugongwa. Vidonge vilikuwa mezani. Saa mbili na nusu. Aliwaza injini, aliwaza bahari, aliwaza mambo yote ambayo ubao hauyaandiki. Saa tatu kasoro kidogo simu ikalia, akaidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Tumefika." Ilikuwa sauti ya Dada, karibu kabisa, na nyuma yake kelele za watu na kitoto kinalia. "Huku ni mchana kweupe. Huyu mtoto ana kichwa cha baba yako. Nimekaa kumi na mawili na dakika kumi, nimehesabu, nenda kamwambie karani wako."

"Asante Mungu," Rubani akasema, machozi yanamtiririka. "Miguu?"

"Miguu mizima. Umemeza?"

"Nimemeza."

Hata kile kitoto kilinyamaza.

"Weka simu karibu na shingo," Dada akasema. "Meza nisikie."

Rubani alivitazama vidonge. Akamimina maji kutoka kwenye jagi, na jagi lilikuwa limejaa pomoni, halijaguswa tangu asubuhi. Akaweka kidonge ulimini, akabana simu shingoni, akanywa funda moja kubwa, likashuka kwa kelele.

Kilomita elfu kumi na mia mbili kutoka hapo, Dada alishusha pumzi.

"Haya," alisema. "Nimekuwahi."